Naomba ushauri: Krismasi ya familia Jinja au safari ya hekalu Nairobi?

Habari zenu ndugu. Sisi ni familia ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, tunaishi Kampala. Kila Desemba ukoo mzima hukutana kwa mama, Jinja: matoke, luwombo ya kuku, nyimbo, watoto kulala kwenye mikeka sebuleni. Chai ya majani sisi hatunywi, na mama, ambaye ni Mwanglikana, hutuchemshia mchaichai bila kuulizwa. Napenda sana siku zile.

Sasa hekalu la Nairobi lilizinduliwa Mei 2025. Zamani tulikuwa tukilitazamia la Johannesburg, na nauli ya ndege kwa familia nzima hatukuiweza. Mume wangu anataka Desemba hii tupande basi kupitia Busia, tukaunganishwa na watoto wetu, yaani ibada ifanywayo hekaluni tu, ya kuifunga familia pamoja hata milele. Nami nimeisubiri siku hiyo kwa miaka.

Tatizo ni mama. Anasema basi twende wote, ukoo mzima. Lakini ndani ya hekalu huingia washiriki wa kanisa letu wenye kibali cha viongozi tu, na watoto wanaounganishwa na wazazi wao. Mama na kaka zangu watabaki nje, na moyo wangu unakataa kumsafirisha mzee usiku kucha halafu nimwache bustanini.

Je, twende peke yetu kabla ya Krismasi, kisha tumfuate Jinja? Au aje, na tumwandalie nini siku hiyo ajione ni wetu kabisa? Waliopitia haya na wazazi wa dini nyingine, naomba mnisaidie.