Fasti klasi ya SGR Nairobi–Mombasa: chakula kimo kwenye tiketi au unajinunulia?

BintiNtinda
Habari zenu jamani. Desemba nataka kumpeleka mama Mombasa, hajawahi kuona bahari na mwaka huu amesema hataki gomesi (gauni letu la kina mama) nyingine, anataka bahari. Tunatoka Kampala na basi la usiku mpaka Nairobi halafu tunapanda SGR, ile treni ya kisasa ya Kenya. Sasa naona ekonomi ni 1,500 za Kenya na fasti klasi 4,500, mara tatu banange! Dada yangu anasema hiyo tofauti ndiyo chakula, eti ukishakaa wanakuletea chai, wali, soda mpaka unashuka. Ni kweli? Mama ana sukari kwa hiyo mambo ya kula kwake si mchezo, lazima ale kwa saa zake. Aliyepanda aniambie.

Malaba_Kwetu
Dada yako anawaza ndege huyo. Hiyo 4,500 unalipia kiti, basi. Fasti klasi viti ni viwili upande huu viwili upande ule, vipana, unanyoosha miguu, ekonomi ni vitatu kwa viwili mnatazamana magoti kwa magoti na mtu usiyemjua. Chakula ni mfuko wako pande zote mbili. Wahudumu wanapita na toroli la chai, soda, maji na vitafunio, na kuna behewa la mgahawa. Kabla ya Januari 2024 nauli ilikuwa 1,000 na 3,000 na hata wakati ule hakikuwemo, kwa hiyo usidhani walipopandisha waliongeza sahani.

Halafu usizoee mambo ya Namawojjolo kule barabara ya Jinja, kuku na gonja (ndizi za kuchoma) vinaingia dirishani kabla basi halijasimama vizuri. SGR madirisha hayafunguki, na hata ile ya saa mbili asubuhi inayosimama Emali, Mtito Andei, Voi haisimami kwa ajili ya tumbo la mtu.

NsambyaKwota
Binti yangu, dada yako hakulitoa hewani hilo. Mimi nimekulia kwota za reli Nsambya, marehemu baba alikuwa mfanyakazi siku za East African Railways, na treni ya abiria ilikuwa inatoka Kampala, Jinja, Tororo mpaka Nairobi. Behewa la chakula lilikuwa na vitambaa vyeupe mezani, na visu na uma vizito vyenye chapa ya reli. Lakini tusidanganyane, wakati wa mkoloni fasti klasi ni wazungu, sekondi wahindi, na sisi wa thadi tulikula kilichofungwa nyumbani kwenye majani ya ndizi. Shirika likavunjika 1977, kila nchi ikabaki na mabehewa yake.

Kenya wao waliendelea na treni ya usiku ya Nairobi–Mombasa mpaka 2017 na hiyo ndiyo inayowachanganya watu, maana ukikata fasti au sekondi chakula cha jioni, chai ya asubuhi na shuka vyote vimo kwenye nauli, na mhudumu anapita koridoni anagonga kimarimba kuwaita mezani kwa zamu. Mtu amelala humo usiku kucha, usipomlisha utamfanyaje? SGR ni saa tano sita tu, wameona abiria atavumilia.

Haji_Kisenyi
Mzee heshima yako, ila si masaa peke yake. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, Dar mpaka Kapiri Mposhi, ni kilomita 1,860, unalala humo, fasti klasi ni chumba cha vitanda vinne, na bado chakula unalipa, unaagiza wali kuku wanakuletea chumbani au unaenda mwenyewe mgahawani. Halafu nenda India. Nilimsindikiza kaka kwenye matibabu tukapanda treni ya Rajdhani, Delhi kwenda Mumbai, kule chakula kimo kwenye tiketi, supu, wali, dengu, chapati, na wakati wa kukata wanakuuliza unakula nyama au hapana, na siku hizi unaweza kukikataa kabisa ukalipa pungufu. Ni shirika linaamua tu. Kikiwa ndani ya tiketi unakilipia bila kukiona, ndiyo watu wanaita bure.

Kijana_Kireka
SGR yetu ya Uganda, Malaba–Kampala kilomita 272, mkataba ulisainiwa Oktoba 2024, ikifika nataka rolex (chapati ya mayai) kwenye toroli, hayo mengine amueni nyie

BintiNtinda
@Kijana_Kireka 😂😂 Asanteni wote. Kwa hiyo nimfungie mama chakula? Ukaguzi watanipitisha nacho? Na tiketi nalipaje, sina laini ya Kenya.

Malaba_Kwetu
Chakula watu wanapita nacho, mizigo inapitishwa mashineni na mbwa wananusa, ila usibebe kisu, embe limenye kabisa. Matoke na binyebwa (mchuzi wa karanga) usifunge, ukitoka Kampala jioni kesho yake mchana vimeshachacha, nunua Nairobi kabla hujaenda Syokimau maana stesheni iko mbali na mjini. Chukua treni ya saa tisa mchana, ile ya asubuhi basi likikawia tu mpakani imekuacha. Wengi wanalipa kwa M-Pesa, tafuta mtu aliyeko Nairobi akukatie, na mapema, Desemba Nairobi nzima inahamia pwani.

Nesi_wa_Mukono
Kuhusu sukari: mayai ya kuchemsha, njugu, mkate wa brauni, maji ya kutosha. Kama anachoma insulini ya chakula asichome mpaka sahani iko mbele yake, usipige hesabu ya toroli, linaweza kuanzia behewa lingine likawafikia baadaye sana. Mkobani weka glukosi, akianza kutetemeka na kutoka jasho mpe hiyo hiyo wala usingoje mhudumu. Insulini isikae kwenye begi lililo juani, weka kwenye chupa ya chai yenye maji baridi.

BintiNtinda
Nesi Mungu akubariki, hilo la kungoja sahani sikuwa nalijua. Basi nachukua fasti klasi kwa sababu ya magoti yake, chakula tunabeba. Dada nimemtumia linki ya hapa, kanyamaza. @Malaba_Kwetu mtu wa kukata tiketi Nairobi unaye?

Malaba_Kwetu
Shemeji yangu yuko kule, njoo inboksi na majina yenu kama yalivyo kwenye vitambulisho.