Borland aliacha mamilioni ya NFL akiwa na miaka 24: alikimbia au aliona mbali?

MTOA MADA
Wakuu, salaam. Tangu Jumapili nabishana na shemeji yangu kuhusu Chris Borland, yule aliyekuwa lainbeka wa San Francisco 49ers, na hatufiki popote. Nauleta ubishi hapa.

Kwa wasiofuatilia NFL, yaani ligi kuu ya mpira wa Kimarekani: lainbeka anasimama nyuma ya yale mabonge ya mbele. Mpinzani akipenya na mpira, huyu ndiye wa kumvaa na kumlaza chini. Wa katikati mara nyingi ana kispika ndani ya helmeti, anasikia maagizo ya kocha na kuwapanga wenzake. Yaani kichwa kinafikiri kwa niaba ya ulinzi mzima, halafu sekunde tatu baadaye kichwa hichohicho kinagongana na mtu wa kilo mia na ushee.

Borland alichaguliwa 2014, raundi ya tatu ya ule mgao ambao timu za NFL huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Staa wao Patrick Willis alipoumia, dogo akaingia, na msimu haujaisha alishaangusha watu zaidi ya mara 100. Machi 2015 akaaga mchezo. Msimu mmoja tu, kwenye mkataba wa miaka minne wa karibu dola milioni 3.

Shemeji anasema ni usaliti: Willis naye alikuwa ameaga siku chache tu kabla, timu ikabaki na shimo katikati. Mimi nasema kichwa ni cha kwake. Karibuni.

MCHANGIAJI, MWANZA
Kachukua dau la usajili akasepa. Angekuwa wa kwetu kesi ingeshafika TFF.

MTOA MADA
Hapana mkuu. Dau lilikuwa dola 617,000 na kitu. Alirudisha robo tatu, yaani fungu la misimu mitatu ambayo hakuicheza. Sasa kala nini hapo?

MCHANGIAJI, NAIROBI
Nyinyi mnazozana kuhusu kuacha, sisi tulikuwa tunaomba wetu apate tu nafasi. Daniel Adongo, mtu wa raga, timu ya Indianapolis Colts ilimsajili 2013 wakamgeuza lainbeka wa pembeni ilhali hajawahi kuucheza mchezo wenyewe. Mkenya wa kwanza kuingia uwanjani NFL! Akapata mechi chache, 2015 wakaachana naye. Hakuna aliyesema Colts wamemsaliti. Timu ikimtema mchezaji tunaambiwa ni biashara, mchezaji akiitema timu ndiyo tunaanza hadithi za uaminifu.

MCHANGIAJI, DAR
Tusipambe sana. Mitikisiko ya ubongo ambayo Borland alithibitishiwa na daktari kabla ya NFL ni miwili, na wa kwanza aliupata akiwa darasa la nane akicheza soka. Soka, hili hili letu! Mbona hatuwazuii watoto wetu kupiga vichwa?

Na najua mtaleta ule utafiti wa Chuo Kikuu cha Boston wa 2017, kwamba bongo 110 kati ya 111 za waliocheza NFL zilikutwa na CTE, ugonjwa wa ubongo kuharibika unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara. Bongo zile zilitolewa kwa hiari, na familia nyingi zilitoa kwa sababu zilishaona mzee hayuko sawa. Ukihesabu meno mabovu kwenye foleni ya daktari wa meno, utasema mji mzima umeoza meno.

MTOA MADA
Hilo la foleni nakupa, umenishika. Ile 110 si kipimo cha wachezaji wote, na wengi wanaitumia vibaya, mimi nikiwemo.

Ila angalia kilichompata Borland kambini 2014. Aligongwa, akahisi kabisa kwamba ubongo umetikisika, akanyamaza akaendelea na mazoezi kwa sababu alikuwa anagombea namba. Baadaye akajiuliza kama hayo ndiyo maisha anayoyataka. Na CTE haithibitishwi mtu akiwa hai, hadi afe ubongo upasuliwe. Junior Seau, lainbeka wa misimu 20, alijiua 2012 akiwa na miaka 43, na jibu la ubongo wake, kwamba alikuwa na CTE, likatoka mwaka uliofuata. Unamwambia kijana asubiri ushahidi gani sasa?

MCHANGIAJI, COLUMBUS, OHIO
Wanangu, mimi ni mama, na kwangu hili si la gumzo. Kijana wangu ana miaka 15, anacheza nafasi hiyohiyo shuleni. Helmeti yake naifuta mwenyewe kila Jumamosi: ina michirizi ya rangi za helmeti za timu nyingine, nyekundu, kijani, nyingine imezama hadi kitambaa hakitoi. Yeye anaionea fahari.

Nilimuuliza kocha mtoto akigongwa inakuwaje. Akanieleza vizuri tu, anatolewa, anapimwa, harudi hadi daktari aruhusu. Nikarudi nyumbani nikamuuliza mwenye kichwa: wewe ukigongwa utasema? Akacheka. “Mama, nikisema si watanitoa?”

MCHANGIAJI, DAR
Dada, hapo umenimaliza kidogo. Lakini bado: Luke Kuechly wa Carolina Panthers naye aliacha, Januari 2020, ana miaka 28, baada ya mitikisiko mitatu. Watu walimwona 2016 akitolewa kwa kigari huku analia kama mtoto. Hakuna aliyemsema, maana misimu minane alikuwa ameshaitumikia timu, na tuzo ya mlinzi bora wa 2013 juu. Alilipa deni kwanza.

MTOA MADA
Deni la nani, kaka? Dau karudisha.

MCHANGIAJI, COLUMBUS, OHIO
Mnisaidie basi. Fomu ya msimu ujao iko mezani, inataka sahihi ya mzazi, na mwisho ni Ijumaa. Baba yake anasema nisaini. Kijana hasemi kitu, ila kalamu ameiweka juu ya fomu.