Kuwa Uhuru Peak tarehe 9 Desemba: Marangu siku 5 au Machame siku 7?

tembo_mvivu:
Wakuu habari za humu. Tuko watatu, tunafanya kazi ofisi moja, mwaka huu tumekubaliana tupande Kilimanjaro na asubuhi ya tarehe 9 Desemba itukute kileleni, si mnajua tena, ile siku Alexander Nyirenda alipopandisha mwenge mwaka 1961. Nimeongea na kampuni mbili. Moja inatupa njia ya Marangu siku 5, nyingine inataka njia ya Machame siku 7 na chini ya hapo hawatuchukui, sasa bei zimepishana mno na mwenzetu mmoja anasema hizo siku za ziada ni ujanja wa kutukamua tu. Wote tunafanya mazoezi na huyo mbishi anakimbia nusu marathoni kabisa. Hivi siku mbili zinabadilisha nini? Na Desemba mvua zikoje huko? Na tuulize nini kabla hatujatoa advansi?

kobe_wa_kibo:
Mkuu siku 5 za Marangu ni za kurudi na picha ya Kibo Hut, kambi ya mwisho kabla ya kilele. Angalia mwenyewe hesabu: siku ya kwanza unalala Mandara mita 2,720, ya pili Horombo 3,720, ya tatu Kibo 4,720, yani kila siku mita elfu nzima, alafu usiku uleule wa manane unaamshwa upande nyingine elfu moja na ushee mpaka 5,895 ambako kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayopata ukiwa usawa wa bahari. Mwili unazoea, tatizo unazoea kwa muda wake, haubembelezwi. Lazima ujifunze kupumua haraka zaidi hata usingizini, figo nazo zirekebishe mambo yake, na hilo halina uhusiano na kukimbia nusu marathoni. Tena huyo mkimbiaji wenu ndo namhofia kuliko nyie wawili, manake wenye miguu mizuri wanakwenda mbio siku ya kwanza wakiona njia laini, ikifika siku ya tatu kichwa kinagonga na chakula hakipiti.

Uzuri wa Machame ni kwamba inakupandisha inakushusha. Kuna siku mnafika Lava Tower kama mita 4,600, mnakula mchana pale, kisha mnateremka kulala Barranco ambako hata 4,000 hapafiki. Ila angalieni, ipo pia Machame ya siku 6, hiyo wanakatisha kulala Karanga, mnatoka Barranco moja kwa moja mpaka Barafu alafu usiku huohuo kileleni. Wakiwatajia hiyo kataeni.

bibi_harusi_wa_mlima:
Kobe nakubaliana na wewe nusu. Marangu siku 5 hapana, ila kwa nini mnairukia Machame wakati Marangu ya siku 6 ipo? Siku ya ziada mnalala tena Horombo, mchana mnapanda kidogo kuelekea kilele kingine cha Mawenzi mpaka kwenye yale mawe ya milia, mnarudi chini, mwili umeshapata habari. Alafu Desemba vuli inaweza kuwa haijaisha, msituni unaloa mpaka soksi, na Marangu ndo njia pekee yenye nyumba za kulala, zingine zote hema. Mtu hajawahi kulala kwenye hema lililolowa ndo ataidharau hii njia na kuiita ya Coca-Cola, yani ya mteremko.

Ubaya wake mnapanda na kushuka njia moja, na wiki hiyo ya Uhuru makundi ni mengi kwa hiyo vitanda vya kwenye nyumba viwekwe mapema sana. Mkiona vimejaa fikirieni Rongai, inaanzia upande wa kaskazini karibu na mpaka wa Kenya, huko mvua hupungua.

Tarehe nimewapigia: Marangu siku 6 muanze tarehe 5, usiku wa 8 mnatoka Kibo, asubuhi ya 9 mko juu, 10 mko getini. Machame siku 7 muanze tarehe 4.

mgumu_mstaafu:
Nimebeba mizigo mlima huo miaka mingi kwa hiyo nisikilizeni na mimi wa upande wa pili. Mnauliza muulize nini kampuni. Bei ikiwa chini sana msijiulize faida wanapata wapi, ulizeni wapagazi wanakula mara ngapi. Ada za hifadhi hazipunguzwi na mtu, KINAPA, wenye hifadhi ya Kilimanjaro, wanachukua chao chote, sasa kilichobaki cha kukata ni chakula cha wagumu, yani sisi wapagazi, mshahara wa wagumu na hema la wagumu. Nimeshalala kwenye hema la kulia chakula la wageni, tunasubiri wageni wamalize stori zao ndo tuingie tujibane, na asubuhi ule mzigo unakusubiri palepale.

Kwa hiyo waulizeni hivi: mpagazi analipwa shilingi ngapi kwa siku na analipwa na nani, manake wapo wanaomwambia kijana mshahara wako ni tipu. Ana hema lake? Kuna mtu anakagua kama ana buti na jaketi kabla ya geti? Mzigo mwisho kilo 20 na unapimwa getini, ila chunguzeni baada ya geti kama kuna wenzetu waliorudishwa kimyakimya mizigo yao ikagawanywa kwa waliobaki. Kampuni nzuri haikasiriki ukiuliza hayo, inajibu hata kabla hujamaliza. Na tipu msimpe mtu mmoja bahasha akagawe, toeni siku ya mwisho mbele ya wote mkitaja kila kundi linapata ngapi.

Upande wa usalama ulizeni usiku wa kileleni kutakuwa na waongozaji wangapi. Nyie watatu mkiwa na mmoja, mmoja wenu akiugua ina maana wote mnashuka au mgonjwa anaachwa, sasa chagueni. Ulizeni mtungi wa oksijeni na kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni, vipo au vimechorwa kwenye tovuti tu. Na muongozaji akisema shuka, shukeni. Kuumwa kichwa kidogo ni kawaida, ila mtu akianza kuyumba kama mlevi, au kuongea visivyoeleweka, au kukosa pumzi akiwa amekaa tu, au kikohozi chenye povu, huyo hasubiri asubuhi, anateremshwa hapohapo usiku. Tumeshasukuma watu kwenye machela ya tairi moja, wengine vijana wa mazoezi kuliko nyie, wakifika chini wanaomba chai.

tembo_mvivu:
Mgumu mstaafu shikamoo, hili la wapagazi hata halikuwa kichwani. Mkimbiaji nimemsomea ya kobe amenuna lakini amekubali siku 6. Sasa kuna hizi dawa za Diamox za kuzuia ugonjwa wa mwinuko, mmoja anasema tumeze wote, mwingine anasema ni za wazungu. Na simu zinazima kweli huko juu?

mama_wa_zamu:
Mlima hauulizi pasipoti kaka. Diamox inasaidia mwili kuzoea haraka, haifichi dalili kama wengi wanavyodhani, lakini sio pipi. Muone daktari kwanza, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa aseme mapema, na ikiwezekana ijaribuni mkiwa nyumbani ili vidole vikianza kuchonyota na kukojoa kukizidi msije kudhani mnakufa. Ambazo sizitaki kabisa ni dawa za usingizi na pombe, zinapunguza upumuaji usiku na ndo saa mwili unahangaika kupata hewa. Hamu ya kula itapotea, kuleni hivyohivyo, na maji mnywe mfululizo.

Simu zinazima ndio, baridi inanyonya chaji, ziwekeni mfuko wa ndani karibu na mwili pamoja na betri za tochi ya kichwani. Maji ya ule mpira wa kunyonyea maji kutoka begini yanaganda, bebeni chupa na muigeuze kichwa chini, barafu inaanzia juu kwa hiyo mdomo haushiki. Vaeni glovu za vidole pamoja, na nyingine nyembamba ndani yake. Na kateni kucha za miguu, kushuka kote kule kunaziua.

bibi_harusi_wa_mlima:
Buti mpya marufuku, zivaeni kuanzia sasa hata kwenye daladala.

tembo_mvivu:
Asanteni sana. La mwisho, zile kilo za mizigo yetu, begi la kulalia linahesabiwa humo au linabebwa peke yake?

mgumu_mstaafu:
Marahaba. Linahesabiwa. Kilo 20 ni pamoja na vitu vya mpagazi mwenyewe, kwa hiyo begi lako lisizidi 15 na begi la kulalia likiwa ndani. Na liwe la kitambaa laini, msije na masanduku ya matairi, linabebwa kichwani lile.