Naombeni ushauri: Jerry Rice nimpime kwa jumla au kwa wastani?

Habari za jioni wakuu. Niko Minneapolis, nafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Wenzangu wamenishikia bango kwamba mpokeaji (mchezaji wa kudaka pasi) bora wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, ni Randy Moss, maana aling'ara hapahapa kwenye timu ya Vikings. Mimi niko na Jerry Rice. Kwenye ubao wa chumba cha chai nikaandika kwa kalamu nyekundu: mipira 1,549 aliyodaka, yadi 22,895 alizosogeza mpira kwa kudaka, tachidauni (mabao ya mchezo huu) za kudaka 197. Anayemfuata kwa yadi, Larry Fitzgerald, ana 17,492. Nikajua nimemaliza kazi.

Usiku uliofuata nikakuta mtu ameandika chini yake: "Kacheza mechi 303. Gawanya."

Nikagawanya. Rice yadi 75 na ushee kwa mechi, Moss 70. Bado niko juu. Balaa likaja na kijana mmoja wa Detroit aliyemleta Calvin Johnson: yadi 11,619 kwa mechi 135, yaani 86 kila mechi! Nikabaki nakuna kichwa. Lakini huyo aliondoka baada ya misimu 9 tu. Rice alikuwa bado anadaka akiwa na miaka 42.

Sasa wenye kuufuatilia mchezo huu, niegemee jumla, wastani, au nichukue misimu 9 bora ya kila mmoja? Na mechi za mtoano, ambazo rekodi hizi hazizihesabu, niziongeze? Tunakutana Ijumaa, na dau ni sinia la pilau.