Mjadala: Je, Malta ilikosea kulibadilisha lango la Valletta?

Ndugu wachangiaji, hoja iliyo mezani inahusu kazi ya msanifu Renzo Piano, ambaye alilibomoa lango la Valletta, mji mkuu wa Malta, la mwaka 1965, akajenga Bunge ndani ya kuta na kuyageuza magofu ya jumba la opera kuwa ukumbi usio na paa. Wanaompinga wanasema kwamba mji ulio katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1980 ulipaswa kurudishiwa majengo yake ya zamani.

Kuhusu lango, siwaungi mkono, kwa sababu hawajasema ni lango lipi lirudishwe. Mji ulianzishwa mwaka 1566, mwaka mmoja baada ya Waturuki wa Osmani kushindwa kukiteka kisiwa cha Malta, na lango lake la kwanza lilifuatwa na la 1633, la Waingereza la 1853, kisha hilo la 1965. Piano ameupasua ukuta hadi juu, bila kizingiti cha juu, na daraja lililokuwa limepanuliwa amelirudishia wembamba wake wa awali, hivi kwamba anayeingia hutambua kuwa anavuka handaki lenye kina lililochongwa mwambani, na huuona unene wa ngome kulia na kushoto. Aliyewahi kuzitazama buruji, yaani pembe za ngome zinazochomoza nje, za Fort Jesus kule Mombasa, zilizochorwa na Mwitaliano Cairati katika karne hiyohiyo, ataitambua mara moja sanaa hii ya pembe kali. Hata Bunge, linalolaumiwa sana, limevikwa mawe ya chokaa yaliyochongwa vijidirisha vya kukinga jua, na kwangu hilo ni jibu la heshima kwa mji wa mawe.

Kuhusu jumba la opera, hapo nakubaliana nao kwa sehemu. Jumba hilo la Edward Middleton Barry lilifunguliwa 1866, likaungua 1873, likakarabatiwa, kisha likapigwa mabomu Aprili 1942. Wanaotetea ukumbi wa wazi husema kuwa nguzo zilizovunjika zinatunza kumbukumbu ya vita, nami sitaki ziondolewe. Lakini paa jepesi lingeweza kusimama juu ya ukumbi bila kuzigusa nguzo hizo. Francesco Laparelli, mhandisi aliyetumwa na Papa kuupanga mji huu, alianza na mahitaji ya wakazi: mitaa ilinyooka ili upepo wa bahari upite, na kanuni za ujenzi zikaitaka kila nyumba iwe na kisima chake, kwa kuwa mji ungeweza kuzingirwa tena. Ukumbi unaotegemea hali ya hewa, katika nchi ambayo mvua zake hunyesha msimu wa baridi, na unaoingiliwa na kelele za mtaani, haufuati busara hiyo.

Nitajibiwa kwamba Teatru Manoel, jumba la maonyesho la mji huu lililojengwa 1731, bado linatumika. Ni kweli, ila ni dogo, na udogo wake ni miongoni mwa sababu zilizofanya jumba la Barry lihitajike. Anayepinga paa atueleze basi opera kubwa ya mwezi Desemba ichezwe wapi ndani ya kuta hizi.