"AMI, IPELEKE MAKUMBUSHO"! Uzi wa yule muuza spea wetu tunayemjua sote

MzeeWaDema:
Jina lake silitaji. Kila mwenye boti huku Amu, yaani Lamu, kuanzia Shela hadi Kizingitini anamjua, na kama humjui basi wewe huna mashine, una makasia. Mshukuru Mungu.

Nimetoka dukani kwake sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Nimeingia na salamu zangu kamili, nikamwekea impela yangu juu ya kaunta, nimeifunga kwa gazeti. Kipira tu jamani! Kipira cha pampu ya maji, kinaenea kiganjani. Mabawa yamekatika, mashine haikojoi, yaani haitoi maji ya kujipoza, kichwa kinapata moto hadi unaweza kukaangia mahamri. Bwana akalifungua gazeti, akaigeuza impela kwa ncha ya kalamu. Kidole hakutia! Akauliza, "Ya mashine gani?" Nikamwambia Evinrude, ya nguvu ishirini na tano, ya zamani. Akacheka. Akawageukia wateja, na duka limejaa, akasema: "Ami, mashine hii ipeleke makumbusho."

Makumbusho! Na "ami" juu yake. Angenitukana bila kuniamkua ningemsamehe.

Mji wenyewe huu wa Amu umeingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001 kwa ukongwe wake. Kuta kongwe, milango mikongwe, na babu yake yeye mkongwe yuko barazani asubuhi hadi jioni, mbona hampeleki makumbusho? Wazungu wanapanda ndege kuja kutazama vya kale, mimi nikileta cha kwangu dukani ni kichekesho.

Duka lenyewe mnalijua. Rafu zote ni spea za zile mashine za nguvu 40 zinazouzika. Pistoni ipo, plagi ipo, hata stika ya kubandika ubavuni ipo. Ukitaja mashine nyingine anakuuliza Nabii Nuhu hajambo.

Eti ninunue mashine mpya ya fostroki. Kwa pesa ya kamba wepi, na kusi inavyovuma hivi? Hii tustroki yangu naichanganyia oili kwenye petroli mwenyewe, naifungua mwenyewe kwa spana na bisibisi, boti iko mchangani. Hiyo mpya ikianza kukohoa niipeleke wapi, kwake yeye? Aniambie nini tena, niipeleke kwa kadhi?

"Ipeleke makumbusho." Na vijana wake wakacheka na wao, mmoja hadi akashika meza asianguke. Mama yake yule namjua.

Basi, nimemaliza.

Sijamaliza. Kwa KALAMU jamani. Ameigeuza kwa kalamu!

KibaoKata:
Ukiipeleka uliza kabisa kiingilio ni pesa ngapi, maana siku ukitaka kwenda kuvua utalipa.

BintiShela:
Pole ami 😂😂 wallahi sicheki

MtuWaMalindi:
Makumbusho ya huko yatajaa bure. Ileteni Malindi tuiweke pale kwenye nguzo ya Vasco da Gama, huenda ndiyo aliyokuja nayo 1498.

MzeeWaDema:
Wewe wa Malindi ngoja mashine yako izime.

FundiSpana:
Utani kando kidogo. Mzee, adabu amekukosea, lakini spea za hizo kweli ni taabu. Kampuni ya OMC iliyokuwa ikitengeneza Evinrude na Johnson ilifilisika Desemba 2000, ikachukuliwa na Bombardier, na mwaka 2020 BRP, kampuni iliyotoka kwa Bombardier, wakaacha kabisa kutengeneza Evinrude. Sasa sikiliza: Johnson na Evinrude za mwaka mmoja na nguvu moja kwa kawaida ni mashine ile ile, wamebadilisha rangi na maandishi tu. Usiulizie Evinrude peke yake, ulizia na Johnson. Nenda na namba ya modeli, ile iliyoandikwa kwenye bano la kushikia boti. Picha ya kofia ya mashine usimtumie mtu, kofia za huku zimehama mashine mara ngapi? Wapo pia wanaotengeneza spea za kuingiliana nazo, kama Sierra. Ukiipata badilisha na kikombe chake inamozungukia, na kile chuma kidogo cha kwenye shafti kinachoishika impela uangalie hakijalika. Halafu usiiwashe nchi kavu kuijaribu. Ile raba inalainishwa na maji, ikizunguka pakavu inaungua hapo hapo.

Na yeyote atakayekwambia uichonge ya mashine nyingine kwa wembe mpaka iingie, mkimbie.

MzeeWaDema:
Ahsante fundi, Mungu akuzidishie. Lakini umesikia alivyosema?

FundiSpana:
Nimesikia mzee.

MzeeWaDema:
Mbele ya watu.

MpateHalisi:
Mzee wewe umechekwa tu, pesa yako umerudi nayo. Mimi nilimwagizia gasketi ya kichwa, kachukua hela zote mbele. Kila nikipiga simu, kifurushi kiko kwenye basi, basi linangoja eskoti ya askari. Haya, tukangoja eskoti. Kimefika, nafungua: gasketi ya JENERETA. Kumrudia, ananipa mkasi. Eti kata hapo pembeni itaenea.

BintiShela:
Mkasi!! Ni yule yule?

MpateHalisi:
Yule yule. Kwani ana pacha?

KibaoKata:
Nyinyi mwalalamikia spea, mimi mashine yangu nzima, petroli ndiyo mgonjwa. Nimezimikiwa katikati ya mlango wa bahari wa Mkanda, maji yanakupwa, ndani nina abiria wa Siyu na mbuzi wao. Bi mmoja ameshaanza kusoma Yasini. Nafungua kabureta, maji matupu. Ile petroli ungetilia udhu na swala ikasihi. Na aliyeniuzia dumu lile mnamjua.

MtuWaMalindi:
Si ndiye yule mwenye mzani wa samaki? Nguru nikimpima nyumbani mkubwa, akifika kwenye mzani wake amekonda. Safari ya dakika kumi amefunga saumu?

AmuDamu:
Nduu yangu mzani ule una jini. Yeo nimemwambia aweke jiwe la kilo moja tuone, akasema jiwe limeenda kusafishwa.

MzeeWaDema:
Jamani tulikuwa kwenye impela.

KibaoKata:
Ami, tunaipitia. Iko chumba cha pili cha makumbusho, kando ya siwa, lile baragumu la kale.

MzeeWaDema:
Mwanaharamu wewe.

BintiShela:
Mzani una nafuu. Mimi nataka kujua nani amewaruhusu hawa wa bodaboda kuingia Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Njia hata watu wawili wakipishana lazima mmoja avute pumzi, yeye apita na pikipiki na kreti za soda. Buibui langu lilinaswa nikakimbia naye nyuma hadi akapunguza mwendo.

MpateHalisi:
Akupandishe tu alipie nauli 😂

AmuDamu:
Bodaboda ana honi angalau. Punda je? Mwenye punda mweupe mwenye kovu la goti aje amchukue, amekula mkeka wa mamangu na sasa amesimama mlangoni hatoki.

BintiShela:
Yule wa kovu mbona mnamjua mwenyewe.

AmuDamu:
Namjua sana. Simtaji.