Siku tatu za filamu za Hitchcock hapa Mikindani: mtafsiri wa kibanda umiza tumtumie au tumwache?

Binti wa Mashine (Mikindani)

Wakuu, shikamooni mliotangulia. Wengine habari za jioni.

Marehemu baba yangu aliendesha mashine ya sinema Lindi enzi za ujana wake. Mpaka anafariki, mwongozaji wa filamu aliyemtaja kuliko wote ni Alfred Hitchcock. Baba alikuwa akitusimulia filamu yake ya Psycho usiku, utambi wa chemli umeshushwa, na akifika pale penye mauaji ya bafuni ananyamaza. Tunasikia mawimbi tu. Nilikuja kuiona mwenyewe nikiwa mtu mzima, nikakuta pale baba alipokuwa akinyamaza ndipo fidla zinapopiga mayowe. Nililia, maana nilielewa kwamba alikuwa ameitafutia sebule yetu sauti ya kuifaa.

Sasa mimi na wenzangu watatu tunataka kufanya siku tatu za filamu za Hitchcock mwezi wa nane. Alizaliwa tarehe 13 Agosti 1899, Leytonstone, London. Najua wapo watakaouliza kwa nini Mikindani. The Birds, filamu yake ya mwaka 1963 ya ndege wanaoshambulia watu, ilipigwa Bodega Bay, California, mji mdogo wa wavuvi. Ukiiangalia ile ghuba na boti zake, na barabara inayoambaa na maji, utasema umetoka Mtwara mjini sasa unaingia kwetu. Kuna dada anavuka ghuba peke yake kwa boti ndogo, shakwe anamshukia kichwani. Mtu yeyote aliyewahi kuvuka kwenda Msanga Mkuu atashika kichwa chake.

Shida yangu ni tafsiri. Bibi zetu na akina mama wa hapa wamezoea filamu yenye sauti ya mtafsiri juu yake, na mimi sitaki tamasha la watu kumi wanaojua Kiingereza. Kijana wetu wa kibanda umiza amekubali kutafsiri papo kwa papo. Nikamjaribu nyumbani. Tukafika pale dada amekaa nje ya shule anavuta sigara, nyuma yake kunguru wanatua kwenye vyuma vya kuchezea watoto, mmoja mmoja. Kunguru wa pili hajakunja mabawa, kijana anatangaza: "Hawa sasa wanakwenda kuwadonoa watoto wote!" Mama yangu mdogo akainuka kwenda kuangalia wali jikoni. Kwake filamu ilikuwa imekwisha.

Nimwache? Niweke maandishi chini ya picha? Nisaidieni, na kama kuna mengine nisiyoyaona, nambieni.

Mwalimu Mstaafu (Lindi)

Marahaba mwanangu. Usimwache, mfundishe.

Hitchcock alimweleza mwongozaji wa Kifaransa François Truffaut, katika mazungumzo yao ya mwaka 1962, jambo ambalo nililitumia darasani miaka mingi kufundisha insha. Watu wawili wamekaa mezani wanazungumza mambo ya kawaida, chini ya meza kuna bomu. Kama watazamaji hawajui, bomu likilipuka umewapa mshtuko wa sekunde kumi na tano. Kama wanajua, na ukutani wanaiona saa, yale mazungumzo ya kawaida yanakuwa mateso ya dakika kumi na tano, kila mtu anataka kuwapigia kelele wale wawili waondoke. Taharuki ni hiyo ya pili.

Kwa hiyo kijana wako hakukosea kutuambia kuna hatari. Kunguru tunawaona kwa macho yetu, hahitaji kutuambia. Alichokosea ni kuifikia hatari kabla yake. Mwambie ashike neno moja tu pale: "Hajageuka." Anyamaze. Kunguru watano, "Hajageuka." Halafu asiseme tena mpaka ageuke. Wasimulizi wetu wa ngano walilijua hili, fisi yuko nyuma ya mlango na bibi anaendelea kutwanga.

Jingine. The Birds haina muziki wa kawaida wa kusindikiza matukio. Milio mingi ya ndege ilitengenezwa kwa chombo cha umeme kiitwacho Trautonium, Berlin, na Oskar Sala na mwenzake Remi Gassmann, huku Bernard Herrmann akiwa mshauri wa sauti. Milio ile ndiyo muziki wenyewe. Ndege wakilia, mtafsiri afunge mdomo kama anavyofunga mtu zumari likianza.

Psycho ni habari nyingine. Ilipotoka mwaka 1960, Hitchcock alitaka sinema zisiruhusu mtu kuingia filamu ikishaanza. Hapo kijana asidokeze kitu, hata kwa kukohoa.

Nahodha wa Dagaa

Dada, mimi si mtu wa filamu ila umeutaja mji wa wavuvi, basi nisikilize. Umeangalia mwezi? Ukiweka siku zako wakati wa giza, sisi hatupo. Giza ndiyo kazi yetu, tunawasha taa tunatafuta dagaa mpaka alfajiri. Utaonyesha filamu ya wavuvi na mvuvi hata mmoja hayupo. Weka mbalamwezi, wakati nyavu zimeanikwa na sisi tuko barazani.

Najua utasema mwanga wa mwezi utaharibu picha. Mwezi mpevu unachomoza mashariki jua likizama, basi kiwambo kiupe mwezi mgongo, kitazame magharibi.

Na usitundike shuka. Mwezi wa nane ni kusi, shuka lako litakuwa tanga, utalikuta kwenye mikoko. Tafuta ukuta mzima, upake chokaa.

Nina swali na mimi. Sisi baharini ndege ndiye anayetuonyesha samaki walipo, tunamfuata kwa heshima. Hiyo ya ndege kushambulia watu ni uongo wa sinema tu, au ilipata kutokea?

Mdau wa Bahari (Shangani)

Nahodha, kuna kitu kilitokea. Hadithi yenyewe imetoka kwa mwandishi Mwingereza, Daphne du Maurier, aliyeitoa mwaka 1952 na kuiweka Cornwall, pwani ya Uingereza. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 18 Agosti 1961, kule Capitola, California, ndege wa baharini kwa maelfu walianza kuanguka juu ya mapaa na barabara, wengine wakijigonga kwenye nyumba na kutapika samaki. Hitchcock alikuwa na nyumba si mbali na hapo, na aliomba gazeti la huko limpe habari zile.

Miaka mingi baadaye watafiti walichunguza vijidudu vya bahari vilivyokuwa vimehifadhiwa tangu mwaka huohuo wa 1961, wakakuta vimekula mwani mdogo unaotoa sumu, asidi ya domoiki. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba sumu inapanda: mwani unaliwa na vijidudu na samaki wadogo, samaki wanaliwa na ndege, ndege anachanganyikiwa. Hawakuwa na hasira na mtu. Walikuwa wagonjwa.

Dada, ningependa sana baada ya filamu mtupe nusu saa tulizungumze hili na wavuvi. Maji yakibadilika rangi wao ndio wa kwanza kuona.

Mkata Korosho

Mimi nauliza bila ubaya. Kuna tamasha la MaKuya, ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao, na nguvu za watu ni zilezile. Mzungu wa California atuongezee nini? Tena mwezi wa nane watu wanatoka kupuliza salfa kwenye mikorosho, mfukoni hakuna kitu. Ngoja minada ya korosho ianze.

Binti wa Mashine (Mikindani)

Kaka, umeuliza vizuri. Kiingilio hakuna, kwa hiyo mfuko mtupu haumzuii mtu. Ngoma sizigusi, nazipenda, nimezichezea. Ila sinema nayo ilikuwa yetu, baba na wenzake waliitumikia maisha yao, na hakuna hata ukuta mmoja unaowakumbuka. Leytonstone, alikozaliwa Hitchcock, wamempamba kwenye kituo cha treni kwa picha 17 za vigae zenye matukio ya filamu zake. Dinard, mji mdogo wa pwani Ufaransa, una sanamu yake ana ndege mabegani, na tamasha lao la filamu linatoa tuzo yenye jina lake. Mimi nikimwita Hitchcock Mikindani, ninaowaita kwa kweli ni wale waliokuwa wakibadilisha mikanda ya filamu gizani ili sisi tumwone.

Nahodha, mwezi sikuuwaza kabisa. Asante sana. Tunahamishia mbalamwezi ya mwezi wa nane, hata isipoangukia tarehe 13.

Fundi Projekta (Chuno)

Dada, kibali. Kuonyesha filamu hadharani kunahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, anza kwa afisa utamaduni wa manispaa akuelekeze, na uende mapema. Pia kununua diski si kununua haki ya kuonyesha uwanjani. The Birds na Psycho zina wenyewe, waandikie. Na Psycho si ya watoto, ianze wakishakwenda kulala.

Wakati unasubiri majibu, ifikirie The Lodger ya mwaka 1927. Marekani haki zake ziliisha mwaka 2023, huku kwetu uliza Ofisi ya Hakimiliki. Ni filamu bubu, Hitchcock bado kijana. London yenye ukungu, kuna muuaji wa wanawake, na mama mmoja amepangisha chumba kwa mgeni asiyemjua. Nani hapa hajapangisha au hajapanga? Kuna mahali familia iko chini inatazama juu, taa ya dari inatikisika, mara dari inakuwa kama maji na unaziona nyayo za mpangaji zinakwenda na kurudi. Sauti hakuna, kwa hiyo alimtembeza mtu juu ya kioo kinene akampiga picha kutoka chini. Kijana wako wa kibanda umiza atasimulia apendavyo, hamkanyagi mtu sauti. Mwekeeni ngoma moja ya kupiga zile hatua.

Projekta yangu ipo, jenereta ipo. Mafuta mtatafuta.

Binti wa Mashine (Mikindani)

Fundi, nimesoma nikasimama. Usiku wa kwanza ni The Lodger. Mafuta tutachanga.

Nimerudi sasa hivi kwa kijana, tumeirudia ile ya shule kama Mwalimu alivyosema. Alisema "Hajageuka" mara mbili tu. Mama mdogo alishika mkono wangu mpaka kucha zikaingia, na wali uliungua.

Natafuta mpiga zumari wa Lindi au Mtwara anayeweza kukaa na filamu bubu mpaka mwisho wake. Anayemjua aandike hapa.